Korongo Alilolificha Baba

Jirani yetu, fundi cherehani, husema kwamba baba yangu alimtegea ng'ombe wake mwenyewe mtego. Husema alichimba shimo refu kupita mtu, akalifunika kwa mabua, kisha akakaa pembeni na kisu akisubiri. Kisa? Eti baba alikuwa na hamu ya nyama, na alimwogopa mama.

Fundi huyu tunamwita Redio. Ukimpelekea sketi apunguze kiuno, utarudi na sketi pamoja na habari za nyumba saba. Watu wakisikia habari ya mtego hucheka. Mimi pia ningecheka, kama ng'ombe asingekuwa wetu.

Ukweli ni huu. Shimo halikuchimbwa na baba. Lilichimbwa na maji. Ila aliyelifunika ni baba. Hilo siwezi kulikataa, maana mabua nilimshikia mimi.

Nyumba yetu iko juu, na shamba linateremka kutoka nyuma ya jiko mpaka kwenye kijito. Tulikuwa watu wanne: baba, mama, kaka na mimi. Kila asubuhi kaka alikamua ng'ombe. Mama aliwasha moto. Mimi nilifagia uwanja. Baba alishuka shambani peke yake kabla ya chai.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kunyoosha miguu."

Hakuwa ananyoosha miguu. Alikuwa anakwenda kutazama korongo.

Watu wengi hudhani korongo huteremka. Sivyo. Korongo hupanda. Letu lilianzia kule kwenye kijito, mfereji mwembamba tu katikati ya mahindi. Nilipokuwa darasa la tatu niliweza kuliruka. Nilipomaliza shule ya msingi nililazimika kulizunguka. Kila mvua kubwa ukingo wa juu ulimeguka, na korongo likasogea karibu na nyumba. Lilikuwa kama mgeni asiyepiga hodi.

Siku moja kaka alipima kwa hatua, kutoka kichwa cha korongo mpaka ukuta wa jiko. Hatua ishirini na mbili.

"Mwaka jana zilikuwa thelathini," alisema.

Baba alimkata kauli. "Hatua zako zimerefuka. Umekua."

Mama hakucheka. Alikuwa anachambua maharage, na mkono wake ulisimama juu ya ungo.

Mwezi uliofuata bibi shamba aliita mkutano wa wakulima. Bibi shamba wetu ni mwanamke mfupi mwenye pikipiki na buti za mpira. Husema maneno machache na huyarudia mpaka yaingie.

"Kuna ruzuku ndogo," alisema. "Ni kwa mashamba ya familia, yanayolimwa na wenyewe. Ni kwa kazi ya kutunza udongo, maji na miti. Ruzuku si mkopo. Hairudishwi. Lakini si zawadi ya harusi pia. Unapewa kwa kazi uliyoieleza, na unaifanya kazi hiyo hiyo. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," watu waliitikia.

"Basi nirudie," akasema, akarudia.

Kila familia ilipewa fomu. Baba alinipa mimi niijaze, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Tulikaa mezani, baba akiwa amevaa shati la kutokea, kana kwamba fomu ilikuwa na macho.

Nikasoma swali la kwanza. "Tatizo la shamba lako ni lipi?"

Baba alikohoa. "Andika: Shamba letu ni zuri. Sisi ni watu wa bidii. Hatuna tatizo."

"Baba, wanauliza tatizo."

"Andika nilivyosema."

Kaka alikuwa mlangoni. "Baba, na korongo?"

"Korongo ni la nani?"

"Letu."

"Basi likae kwetu. Nani humpa kitu mtu aliyeshindwa?"

Sikumlaumu. Maisha yake yote baba alinyimwa vitu kwa sababu alionekana maskini. Aliwahi kuomba ng'ombe wa kulimia kwa mtu mwenye nao. Yule mtu alichungulia shamba letu, akatikisa kichwa, akasema ng'ombe wake wangevunjika moyo. Neno hilo baba hakulisahau. Kwa hiyo niliandika. Shamba letu ni zuri. Hatuna tatizo.

Baada ya wiki mbili tukapata habari kwamba mkaguzi anakuja kutembelea mashamba. Baba alilala vizuri usiku ule. Asubuhi aliamka na mpango.

Sehemu ya chini ya korongo ilifichwa na mahindi marefu. Shida ilikuwa kichwa chake, karibu na njia ya kupitia. Baba alilaza miti juu ya shimo. Juu ya miti akapanga mabua. Juu ya mabua akamwaga udongo kidogo, kisha akavuta mashina ya maboga kutoka pembeni, akayatandaza vizuri. Mimi nilimpa mabua moja moja. Tulipomaliza, pale mahali palipendeza kuliko shamba lote.

"Baba," kaka alisema, "mtu akija kuona kidonda chako, unamfichia?"

"Mgeni haonyeshwi chooni."

"Huyu si mgeni. Huyu amekuja kwa ajili ya choo chenyewe."

Mimi nilicheka. Baba alinitazama, nikaacha.

Mkaguzi alikuja na viatu safi na ubao wa kuandikia. Alitembea na baba njia nzima. "Mmomonyoko wa udongo upo?" aliuliza.

"Kidogo tu, kule chini," baba alijibu. "Hautishi."

"Maboga yenu yamestawi."

"Tunajitahidi, mheshimiwa."

Mkaguzi aliandika, akashukuru, akaondoka. Baba aliingia ndani akiimba kwa sauti ya chini. Mama alimuuliza kama sasa atafunua shimo. Baba alisema tungoje, huenda mkaguzi akarudi.

Siku ya nne, kaka alimteremsha ng'ombe kwenda kunywa maji. Ng'ombe wetu alikuwa na mimba kubwa, zilibaki wiki chache azae. Alikuwa mpole. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: alipenda majani ya maboga. Akayaona. Akaacha njia. Kaka alivuta kamba, lakini mtu havuti ng'ombe mwenye mimba kwa nguvu.

Mimi nilikuwa uwanjani. Nilisikia mlio kama mlango mzito unaovunjwa. Kisha nikasikia kaka akiita, haiti jina la mtu, anaita tu.

Miguu ya mbele ilikuwa imevunjika yote miwili. Alikuwa amebanwa kati ya kuta za udongo, jani la boga bado mdomoni. Watu walikuja na kamba. Redio naye alikuja, futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona amenyamaza. Ikabidi aitwe mchinjaji. Ndama alikuwa ndani ameshaota manyoya.

Kaka aliosha mikono kwa muda mrefu. Kisha akamwendea baba.

"Nilikwambia."

"Unaniambia nini mimi nyumbani kwangu?"

"Kwako ni wapi? Kesho kutwa hapa patakuwa kwa korongo."

Baba akanyanyua mkono. Hakupiga. Mkono ulibaki juu, halafu ukashuka wenyewe. Siku ile ile kaka akafunga nguo zake kwenye mfuko, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha matofali. Hakumuaga baba. Mimi aliniambia, "Mtunze mama," basi.

Wiki iliyofuata barua ililetwa. Niliwasomea. Ilisema: Ombi lenu halikukubaliwa. Shamba lenu halikuonekana kuwa na tatizo linalohitaji ruzuku.

Mama aliichukua ile barua, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe cha baba. Siku tatu walikula pamoja bila kuzungumza, na mimi katikati yao nikiomba chumvi hata nisipoihitaji, ili tu mtu aseme kitu.

Siku ya nne tukasikia pikipiki.

"Hodi hapa."

"Karibu, bibi shamba."

"Nimesikia habari ya ng'ombe," alisema. "Poleni sana. Nimekuja kuona alipoangukia."

Baba hakuinuka. "Habari umeipata kwa Redio?"

"Kwa Redio."

"Basi umeambiwa nilikuwa na hamu ya nyama."

"Nimeambiwa. Sikuamini. Mtu mwenye hamu ya nyama angeanza na jogoo."

Mama alicheka kidogo, akafunika mdomo. Baba alitazama sakafu. "Sasa nikuonyeshe aibu yangu ya nini? Barua imeshakuja."

Hapo mama alisema. "Mficha uchi hazai. Wewe umeficha, tumezaa kilio. Inuka umwonyeshe mtoto wa watu."

Baba akainuka.

Bibi shamba aliingia ndani ya korongo na buti zake. Alipima kina kwa fimbo. Akapanda akasimama uwanjani kwetu, akatazama paa la bati, akatazama uwanja nilioufagia ukawa mgumu kama saruji. Akatazama njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Kisha akatazama mistari ya mahindi, nayo inashuka vivyo hivyo.

"Mzee, maji haya mnadhani yanatoka wapi?"

"Mbinguni."

"Yanatoka mbinguni, lakini hupitia kwenu. Bati linayakusanya. Uwanja hauyanywi. Njia ya ng'ombe inayaelekeza. Mistari yako inayafungulia mlango. Yakifika pale kwenye ukingo yanaanguka, na yakianguka yanachimba. Korongo halikuja kuwavamia. Mmekuwa mkililisha."

Baba alitazama paa la bati. "Miaka yote hii," alisema.

"Miaka yote hii hukujua. Sasa unajua. Kuna awamu ya pili ya maombi. Fomu mtaijaza upya. Na safari hii, mzee, kumbuka: fomu hii si barua ya posa, kwamba umsifie binti. Ni kama kwenda kwa daktari. Ukimwambia daktari huumwi, atakurudisha nyumbani."

"Nikisema nimeshindwa, hawataniona mzembe?"

"Wanatafuta vitu vitatu. Tatizo lielezwe kweli, pamoja na vipimo. Kazi utakayofanya ielezwe, hatua kwa hatua. Na useme wewe mwenyewe utachangia nini."

"Sina kitu cha kuchangia."

"Mikono unayo. Mawe kule kwenye kijito unayo. Samadi ya marehemu ng'ombe wako bado iko zizini. Hiyo yote huandikwa."

Jioni tulikaa tena mezani. Safari hii baba hakuvaa shati la kutokea. Nikasoma, "Tatizo la shamba lako ni lipi?"

Aliegemeza viwiko mezani. Kisha akasema, polepole, nami nikiandika: "Tuna korongo. Kina chake kinampita mtu mzima. Kichwa chake kiko hatua ishirini na moja kutoka jikoni. Lilisababishwa na maji ya nyumba yetu. Nililificha ili mkaguzi asilione. Ng'ombe wangu aliangukia humo akafa na ndama wake." Aligusa fomu kwa kidole. "Andika pia kwamba mwanangu alinionya."

"Hiyo hawakuuliza, baba."

"Andika."

Nikaandika. Mama alikuwa anatia mafuta kwenye taa. Alimwaga kidogo, akafuta kwa kanga yake mwenyewe.

Mkaguzi alirudi. Safari hii bibi shamba alimwazima buti. Baba alimshika mkono akamteremsha mpaka chini ya korongo. Mkaguzi alipotoka, suruali yake ilikuwa na udongo hadi magotini, na hakuuliza habari za maboga. Ruzuku ikakubaliwa. Hatukupewa mfuko wa fedha, kama Redio alivyotangaza. Tulipata majembe, sururu, toroli na miche ya majani ya kushika udongo. Stakabadhi zote niliziweka kwenye bahasha moja. Bibi shamba alituagiza hivyo, kwa sababu mkaguzi atazitaka.

Kazi ilianza na fimbo tatu. Bibi shamba alitufundisha kuzifunga zifanane na herufi A, na kuning'iniza jiwe kwa uzi katikati. Uzi ukitulia kwenye alama, miguu miwili ya kipimo iko sawa, hakuna uliopanda wala ulioshuka. Hapo unachomeka kigingi. Unasogea, unachomeka kingine. Vigingi vyetu vilikata mteremko kwa kuuzunguka. Baba alishangaa. Kwa jicho lake alidhani mstari umepinda.

"Maji hayasomi kwa jicho lako, mzee," bibi shamba alimwambia.

"Tunaanza chini, kwenye kijito?"

"Korongo hutibiwa kuanzia kichwani. Kwanza yazuie maji yasifike. Ukijenga chini kabla ya kufunga juu, maji yatabomoa kazi yako."

Mtaro wa kwanza ulipita chini ya uwanja, juu ya kichwa cha korongo. Baba alichimba na kutupa udongo upande wa chini, kwa kuwa ni rahisi. Siku mbili za kazi. Bibi shamba alipokuja alisimama, mikono kiunoni.

"Udongo unatupwa juu, mzee. Juu ya mtaro, uwe tuta. Ukiutupa chini, mvua ya kwanza itauzoa wote mpaka kijitoni."

Baba hakubisha. Aliinama akaanza kuurudisha, koleo kwa koleo. Yule baba niliyemjua zamani angemfukuza.

Mama na mimi tulipanda majani juu ya tuta. Ndani ya korongo tukapanga mawe, ngazi kwa ngazi, ili maji yapunguze mwendo. Njia ya ng'ombe tuliifunga kwa miiba. Hakuna aliyekuwa anaipita tena. Kisha tukachimba mtaro wa pili. Hapo mgongo wa baba ulikataa. Alikwenda kazini ameinama, akarudi ameinama zaidi.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Tulisimama mlangoni sote watatu. Maji yalitoka kwenye bati, yakakimbia uwanjani kama kawaida yao, yakafika mtaroni. Yakasimama. Yalijaa, yakatulia, yakaanza kuzama. Mvua ilipokatika baba alishuka, nikamfuata. Kigingi tulichochomeka kwenye ukingo wa korongo kilikuwa pale pale. Ukingo haukumeguka hata kiasi cha kiganja. Mahindi yaliyo chini ya mtaro yalikuwa yamelowa mpaka kwenye mizizi, na udongo wake uko mahali pake.

"Hatua ishirini na moja," nilisema.

"Ishirini na moja," baba alijibu.

Sasa majani yamefika magotini. Yangekuwa chakula kizuri cha ng'ombe. Mama huyakata, humpelekea Redio kwa ajili ya mbuzi wake. Redio alikuja kuomba miche. Ukuta wake wa nyuma umeanza kupata ufa kwa sababu ya maji, na hakuwa amemwambia mtu, yeye anayewaambia watu kila kitu. Baba alimpa miche. Akamwambia, "Kaandike fomu. Usiandike uongo."

Umebaki mtaro wa tatu, mrefu kuliko yote. Unakata nusu ya chini ya shamba. Usipochimbwa kabla ya mvua kubwa, maji ya kule yatazunguka mawe yetu na kuyang'oa. Bibi shamba ametuambia wazi. Mama na mimi tulijaribu. Kwa wiki moja tulifika urefu wa chumba.

Juzi baba alivaa shati la kutokea. Akaniambia, "Twende."

Kiwanda cha matofali kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tulimkuta kaka akibeba matofali mabichi kwenye ubao, sita sita, kutoka kwenye kalibu ya kufyatulia kwenda kuanikwa. Amekonda. Nywele zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi.

"Hujambo?" baba alisema.

"Sijambo. Mama mzima?"

"Mzima."

Kaka aliendelea kubeba. Baba alimfuata, akawa anaongea huku anatembea nyuma yake, kwenda na kurudi. Alimwambia juu ya mitaro miwili. Alimwambia juu ya kigingi. Msimamizi wa kiwanda alitutazama, akatema mate, akageuka.

Kisha baba akasimama.

"Wewe ulisema kweli," alisema. "Mimi niliona aibu. Ng'ombe alikufa kwa kosa langu, si lako. Usiibebe hiyo."

Kaka aliweka ubao chini. Akaanza kupanga matofali juani, moja baada ya jingine, akiyaachia nafasi ya upepo.

"Umebaki mtaro mmoja," baba alisema. "Mgongo wangu umekwisha. Sikuja kukuamuru, mwanangu. Sina tena cha kukuamuru nacho. Nakuomba. Rudi tuumalize. Hata kwa siku kumi. Ukitaka kuondoka tena baada ya hapo, nitakusindikiza mwenyewe mpaka barabarani."

Kaka alipanga tofali la nne. Alipanga la tano. Nilimwona akikaza taya, kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo anapotaka kulia na hataki aonekane, au anapokasirika. Kwake mambo hayo mawili hufanana.

"Umenisikia?" baba aliuliza.

Kaka alipanga la sita, akainua ubao mtupu, akarudi kwenye kalibu.